Utaalamu kwa Bei ya Maelewano

Ipo siku moja ambayo naikumbuka kila nikiona kijana anaandika wasifu wake wa kazi, na siku hizi naona wengi. Tulikuwa mgahawani Gisimenti mchana, mimi na Maître Béata, aliyeniajiri. Hapa Kigali wakili huitwa Maître, hata yule aliyeapishwa jana. Mezani palikuwa na mishikaki ya mbuzi, ndizi za kuchoma, na karatasi yangu, ambayo alikuwa anaisoma kwa mara ya pili.

Mwanangu, nikueleze kwanza karatasi yenyewe. Ushirika wa wakulima wa chai ulikuwa unaingia mkataba na kampuni iliyotaka kujenga mtambo mdogo wa umeme kwenye mto wao. Sisi tulikuwa mawakili wa wakulima. Katika kazi hii, kabla ya kukaa mezani, pande mbili hupeana wasifu mfupi wa mawakili wao: nani ametoka wapi, amefanya nini. Mwenyekiti wa wakulima naye angesoma, aamue nani akae na Maître upande wake. Nafasi ilikuwa moja, na niliitaka kuliko mishikaki.

Basi nikajiandika: mtaalamu wa sheria za nishati na sera za tabianchi. Utaalamu huo niliupata kwenye semina fupi iliyokuwa na cheti kizuri na chakula kizuri zaidi. Miaka yangu ya kesi za ardhi, ugomvi wa mipaka na fidia za watu waliopitiwa na barabara, niliifuta yote. Niliona inanuka udongo.

Maître akaweka karatasi chini.

"Mama yako si anauza nyanya soko la Nyabugogo?"

"Yego, Maître," nikakubali.

"Hii nyanya ya juu iko nzuri. Sasa inua, nione ya chini."

Akamaliza mshikaki wake bila haraka.

"Unadhani sisi tumezaliwa ndani ya waya? Mimi nimetoka kwenye kodi. Nikiona mkataba wa umeme, natafuta kwanza nani analipa ushuru wa mashine. Yule wakili wa kampuni ametoka benki. Utamsikia, kila kitu kwake iko mkopo. Kila mtu ameingia kazi hii na swali lake. Wewe mtaalamu, utauliza nini?"

Nikajimegea ndizi.

"Na kwenye zile kesi ulikuwa unauliza nini?"

"Shamba ni la nani."

"Andika hiyo."

Mimi ni mtoto wa sokoni, sikubali bei ya kwanza. Nikamwambia tubakize "mtaalamu", tuondoe tabianchi. Akasema "mwanafunzi". Nikashuka hadi "mbobezi chipukizi".

"Oya! Hiyo ni nini, mche wa kahawa?"

Tukapandishana na kushushana mpaka ndizi zikapoa, tukaishia kwenye "ameanza kufanyia kazi mikataba ya nishati". Chini yake, kesi za ardhi zote. Niliondoka pale nikiamini nafasi imekwenda. Lakini mwenyekiti, Mzee Anaklet, akaniita kwa majaribio: nije mkutano wa kwanza, halafu ataona.

Siku yenyewe wakili wa kampuni, Mkenya mcheshi aitwaye Wanjala, alinipokea na wasifu wangu mkononi. "Aa, wakili wa mashamba! Karibu sana. Lakini leo ni stima tunaongea."

Wakacheka, hata wa upande wetu. Mzee Anaklet hakucheka. Alikuwa ananipima, nami nilijua.

Tukafika kwenye hewa ukaa. Umeme usiochoma mafuta huzaa haki ya hewa ukaa iliyoepukwa, haki inayoweza kuuzwa nje, na kampuni ilitaka haki hiyo iwe yake peke yake. Wanjala akanigeukia kwa adabu yenye meno. "Wewe wasemaje, wakili?"

"Hilo silijui," nikasema. "Maître atakujibu."

Maître akajibu, na wakulima wakabaki na fungu lao. Hakuna aliyezimia. Ingekuwa ile karatasi ya kwanza ndiyo iliyotumwa, ningelazimika kujua, na ningegawa mali ya watu kwa kutikisa kichwa.

Kisha ikafunguliwa ramani ya mfereji wa maji. Hapo nikauliza langu: haya mashamba unakopita mfereji ni ya nani? Mkataba ulisema ni ya ushirika. Mzee Anaklet akakohoa.

"Ya kule chini si yetu. Iko ya watu, kila mtu na hati yake."

Wanjala akaacha kutabasamu, akaanza kuandika. Mtu wa benki anajua kwamba mfereji unaopita kwa mtu ambaye hajaulizwa haukopesheki. Mkutano ukaahirishwa mpaka wenye mashamba nao waje mezani.

Nje, mzee akamwambia Maître, "Huyu wa mashamba arudi." Neno mtaalamu hakulitaja, nami sikumkumbusha.

Mwanangu unayeitaka kazi hii ya nishati na tabianchi, haina mlango mmoja. Utawakuta waliotoka bima, kodi, benki, hata kesi za talaka, na hao wa talaka ni hodari sana wa kuvunja mikataba. Usifute ulikotoka, maana swali lako liko huko. Unachokijua kiandike kwa kipimo chake. Usichokijua, sema hukijui, kabla mwenye kalamu hajakiandika kwa jina lako. Na jina kubwa waachie wengine wakupe. Wakichelewa, fanya kazi.

Mungu akupe wateja wakweli na kiti kisichoumiza mgongo. Na siku utakayosema hujui, akuwekee karibu mtu anayejua.