Siku Baba Alipoziba Tundu la Kindi

Ilianza kwa mkwaruzo. Kila asubuhi, kabla Mama hajawasha jiko la gesi, nilisikia kucha zikikwaruza ubao juu ya kitanda changu, kisha kitu kikikimbia kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumehama Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, tukapanga ghorofa ya juu ya nyumba moja Kilburn, mtaa wa jiji kubwa la Waingereza, mahali palipokuwa na harufu ya ukungu wa ukutani iliyochanganyika na ya bizari ya Mama. Mwenye nyumba, mjane wa Kiairishi, aliishi chini, na bustani ilikuwa yake. Kindi wa kijivu walikuwa wamefukua maua yake yote, na sasa walikuwa wametoboa ubao chini ya paa na kuhamia darini kwetu. Akatuletea mtego wa waya. Atakayenaswa, alisema, Baba amzamishe kwenye pipa la maji ya mvua, na kama hataki, tutafute pengine pa kukaa.

Mkalimani nilikuwa mimi. Baba alinisikiliza, akautazama mtego, kisha akamtazama Mama. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na mwaka uliotangulia mimba nyingine ilikuwa imeharibika. Kwetu, mume wa mja mzito haui. Hachinji hata kuku, asije akamdhuru mtoto aliye tumboni; kule Unguja jirani ndiye aliyekuwa akituchinjia. Baba alizoea kusema kwamba hayo ni mambo ya wazee, lakini siku ile hakuugusa mtego. "Mwambie nitatafuta njia nyengine," aliniambia. Sikuthubutu kumweleza yule bibi sababu yenyewe. Nilimwambia kwamba Baba anaogopa kung'atwa.

Jumamosi, alipomwona kindi akishuka bustanini, Baba aliazima ngazi, akapanda, akalipigilia tundu wavu wa chuma. "Kuziba si kuua," alisema akishuka, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Nilimwona Baba kuwa mwerevu kuliko watu wote wa Kilburn.

Alasiri ileile kindi akarudi. Akautafuna wavu, akauvuta kwa vidole vyake, akazunguka paa lote, akarudi palepale. Nilipanda kitandani kusoma, na hapo ndipo nilipozisikia, ndani ya dari, sauti nyembamba kama za mlango usiotiwa mafuta. Haikuwa moja. Baba alikuwa amewafungia watoto ndani, naye hakujua. Woga ulinishika. Wakifa, muuaji ni Baba, na atakayelipa ni mtoto wetu. Nikisema, Mama atashtuka, na daktari alikuwa amekataza asishtushwe kwa lolote. Jumapili nzima niliwasha redio chumbani kwangu ili mtu mwingine asisikie. Mama alipojishika kiuno jikoni, nilidhani mambo yameshaanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wa nyumba nzima. Jumatatu asubuhi sauti zilikuwa zimepungua. Nikaenda kumwambia Mama huku nikilia.

Hakushtuka. Alipanda juu ya kitanda changu na tumbo lake lile, mkono mmoja ukutani, akatega sikio. Kisha akamwita Baba.

"Baba Zuhura, kafungue."

"Mwenye nyumba atatutoa."

"Na atutoe. Uchungu wa mwana aujuae mzazi. Kafungue, nakwambia!"

Baba aliung'oa wavu, na kindi hakungoja hata ngazi iondolewe. Nikiwa dirishani nilimwona akitoka na mtoto kinywani, kitu chekundu kisicho na manyoya, akapita juu ya ukuta wa bustani hadi kwenye mti wa jirani. Akarudi, akamtoa wa pili, kisha wa tatu. Mara ya nne alikaa sana ndani, akatoka bila kitu kinywani. Akaingia tena, akatoka mtupu. Baada ya hapo hakurudi.

"Wametoka wote?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Wote," nilisema.

Mwenye nyumba hakututoa. Alinuna mwezi mzima, kisha akaleta fundi wake. Mdogo wangu alizaliwa mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hata hivyo kwa miaka mingi nilikuwa nikimchungulia akilala, nione kama anapumua.

Leo nina nyumba yangu Walthamstow, mtaa mwingine wa jiji lilelile, na mdogo wangu ana watoto watu wazima na hunicheka kwa kumpigia simu kila siku. Wanangu wanasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, na mwiko ule kwao ni hadithi tu. Mwaka jana, baridi ilipoanza kupungua, kindi waliingia darini kwangu. Siku hizi hakuna anayeazima ngazi: nilipiga simu, fundi akaja na gari lake, akamulika tochi dakika tano, akasema hamna kitu, anaweza kuziba. Mama, ambaye sasa anakaa nami, alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza. Nikamkiria, baada ya miaka yote hiyo, kwamba siku ile sikujua kama walitoka wote.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Dirisha la jikoni nalo lilitazama ukuta uleule wa bustani, nami nilikuwa nikimtazama. Nilikuuliza kwa sababu nilitaka nimsikie mtu akisema wote."

Fundi alikuwa ameshashika nyundo. Nilimwomba apande tena akaangalie.