Filimbi na Mtoto Anayelia

Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mama yangu alipangiwa kijiji kingine, kule Issuna, mbali na chetu. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na yeye ndiye angenilea nikijifungua. Nilipoomba tuwekwe pamoja, kiongozi mmoja aliniambia nisiwe mbinafsi, kijiji kizima sasa ni ndugu zangu. Mama alipokuja kumwona mjukuu wake, mtoto alikuwa ameshaanza kutembea. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Nilijifungua majira ya palizi. Hapakuwa na mtu wa kunionyesha namna ya kunyonyesha. Chuchu zilipasuka, mtoto akishika titi nilikuwa nauma meno kwa maumivu, na bado alilia njaa. Jirani yangu, mama wa Kinyiramba ambaye hata sikuwa nimemzoea, alisikia kilio akapiga hodi.

"Unampa chuchu peke yake, mwanangu," alisema. "Ngoja apanue mdomo, halafu mlete yeye kwenye titi. Usimwinamie."

Akamgeuza mtoto, tumbo lake likagusa langu. Nikamsikia anameza. Nililia mimi sasa.

Haukupita muda nikaitwa shamba la kijiji. Watoto waliachwa pembeni, kwenye kibanda cha nyasi, na msimamizi alikataza mtu kutoka kwenye mstari kabla hajapuliza filimbi. Wangu akaanza kulia. Maziwa yakanitoka yenyewe, yakalowesha gauni mpaka kiunoni. Nikaweka jembe chini.

"Ndugu, unakwenda wapi?"

"Kunyonyesha."

"Kila saa kunyonyesha! Huu mtama ataupalilia nani?"

Aliuliza hivyo, na mkononi hakuwa na jembe.

Kabla sijajibu, jirani yangu aliketi palepale kwenye matuta, ingawa watoto wake walikuwa wakubwa. "Ipulize hiyo filimbi," alimwambia, "tuone kama mtoto atanyamaza."

Mwingine akaketi, na mwingine, mpaka mstari wote wa wanawake ukawa chini. Nilienda kibandani bila kugeuka.

Baada ya hapo wenye watoto wachanga tulipewa shamba la karanga karibu na nyumba, tukanyonyesha kila mtoto alipotaka. Kisha akaja mgeni kutoka wilayani, na mkutanoni msimamizi akapongezwa kwa kuwajali kina mama. Alisimama, akapunga mkono. Watu walipiga makofi. Mimi na jirani yangu hatukupiga.