Salafai na Faini ya Makopo

Salafai Tuiloma, binti wa Faaea aliyerudisha maji kijijini baada ya kimbunga kung'oa mabomba, mjukuu wa Vaoita aliyesuka mkeka mmoja miaka minne mpaka macho yakamwisha. Salafai huyo ndiye aliyemtoza mchungaji wa kanisa faini kwa sababu nguruwe wake walichafua kisima. Nimekaa naye kwenye kamati ya wanawake ya kijiji chetu cha Lefatu, huku kisiwani, miaka thelathini na moja, na haya niliyaona mwenyewe.

Mwaka mmoja nesi alikuja kuwapima watoto kwenye jumba la kamati. Moelagi, mjukuu wa Salafai, miaka tisa, alitoka nyumba ya tatu tu, akafika anahema kama aliyepanda mlima. Nesi akamvuta Salafai pembeni, lakini masikio yangu ni mazima.

"Mama, sukari yake imeanza kupanda. Tukiacha hivi, atameza vidonge kabla hajavunja ungo."

Mume wa Salafai alikuwa ameshakatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo. Na nani aliyemlisha mtoto? Yeye Salafai. Kwetu mtoto umpendaye humpa kipande chenye mafuta mengi, na Moelagi alipendwa kweli kweli.

Kesho yake akaitisha kamati. Amri: hakuna mikia ya bata mzinga, ile minono ya mafuta matupu, wala soda kwa mtoto, hata Jumapili ya Watoto, siku ambayo wao hula kwanza na sisi wakubwa tunawahudumia.

Akenese mwenye duka akasimama. "Wageni watadhani tuna msiba! Mtoto ale majani siku yake?"

"Atakula samaki, magimbi na shelisheli. Si ndivyo ulivyokula wewe, ukapata meno hayo unayonitolea?"

Tulicheka, amri ikapita.

Kamati yetu ina haki ya kufunua chungu cha yeyote. Aliyekutwa na mikia alitoa katoni ya makopo ya nyama yenye mafuta, kama faini zetu zote tangu enzi za mama zetu. Na faini haiwekwi. Hugawiwa nyumba zote siku ile ile. Wiki sita tulifunua vyungu kwa bidii, makatoni yakamiminika, tukagawa. Nesi aliporudi, watoto walikuwa wameongezeka uzito, Moelagi kuliko wote.

"Jamani, mnawalisha nini?"

Akenese ndiye aliyejibu: "Faini."

Nilidhani Salafai atazimia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Tumekuwa wajinga kwa utaratibu," akasema, akafuta machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Faini ikabadilishwa palepale. Ukikutwa na mikia, unaleta nyumba nzima uwanjani, kuanzia bibi mpaka kitoto, mcheze kirikiti, mchezo wetu wa rungu na mpira, kila jioni wiki nzima, na mlime tuta moja la mboga nyuma ya jumba.

Wa kwanza kukutwa? Salafai! Mumewe alificha mikia chini ya barafu. Basi mzee akasukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uwanjani, akawa mwamuzi. Moelagi alipopiga mpira kwa rungu, babu akapaza sauti: "Kimbia, mama! Miguu unayo wewe!"

Mtoto akakimbia. Siku ya kwanza alisimama njiani mara mbili. Baada ya mwezi hakusimama.

Waliokuwa hawajatozwa wakaona wivu, wakaja bila faini. Ilipofika Jumapili ya Watoto uwanja ulikuwa hautoshi, tukacheza kwa zamu. Siku hiyo Moelagi alimaliza samaki wake, akaomba papai. Hakuna mgeni aliyeuliza nani kafa.

Wiki iliyofuata nesi akampima. "Sukari imeshuka. Iko sawa."

"Sema tena," Salafai akamwambia, "kwa sauti, wasikie hadi barabarani."

Nesi akasema. Jumba likalipuka kwa makofi, na Salafai, miaka sabini na mbili, akacheza mbele yetu sote.

Akiwa bado anahema, akamgeukia Akenese. "Kuanzia kesho ukaguzi wa vyungu ni wako."

"Mimi? Lakini mimi ndiye ninayeiuza hiyo mikia!"

"Ndiyo, na ndiye unayejua nani anainunua. Anza na chungu changu."