Mchuma Chai wa Boito Anayewachambua Manabii

Saa nane mchana, mvua ya Boito inakaribia kutoka upande wa msitu, na wanawake wapatao kumi wamechuchumaa kwenye kituo cha kupimia majani chai. Kila mmoja amemwaga kikapu chake juu ya gunia. Wanachambua. Majani mawili na chipukizi yanabaki, jani gumu linatupwa.

Wanaharakisha, maana karani Kipkosgei amefika. Huyu ni mtu anayeogopwa kuliko mbunge, pengine kwa sababu yeye huonekana kila siku. Anatia mkono hadi chini ya rundo, anatoa jani moja gumu na kuliinua juu kama ushahidi mahakamani. Mwenye jani anaanza upya.

Gunia la Rodah Cherono linapita bila kesi. Ni kilo kumi na tisa. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na ana robo ekari ya chai. Siku nyingine huwachumia majirani kwa shilingi kumi kila kilo.

"Chai tunachambua jani kwa jani," anasema. "Lakini mtu akija na maiki aseme ametumwa na Mungu, tunameza mzima mzima."

Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.

Agosti mwaka jana, mumewe Kimeli, aliyekuwa akijidunga insulini kwa miaka tisa, alikwenda kwenye hema la nabii mmoja karibu na Chepilat. Nabii alisoma kwamba kwa kupigwa kwake Kristo sisi tumepona, kisha akamtaka Kimeli aweke dawa zake madhabahuni. Kimeli akaziweka. Hema zima likapiga makofi.

"Vigelegele vya kwanza vilikuwa vyangu," anasema Rodah.

Nyumbani walimpokea kama bingwa wa mbio aliyerudi na medali. Walimsimamisha langoni, wakamvisha shada la mmea wa sinendet shingoni, kisha wakamletea mursik, yale maziwa lala ya kibuyu ambayo hapa hunyweshwa washindi. Kimeli alikuwa ameishinda sukari. Heshima zote zilifuatwa.

"Mimi ndiye nilimshikia kibuyu. Alikunywa, akapanguza mdomo, akaniambia, 'Mama Vinny, leo mimi ni mtu mpya.'"

Siku ya tatu alianza kutapika. Wakaomba. Siku ya nne hakumtambua mtoto wake. Wakaomba zaidi. Siku ya tano Rodah aliita gari, na Kimeli akakata roho kabla hawajafika lami.

Nabii hakuja mazishini. Alituma ujumbe kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye imani pungufu. "Uliposomwa, watu wote waligeuka wakaniangalia," anasema Rodah. Tulimpigia nabii simu mara tatu ili tupate upande wake. Hakupokea. Huenda alionyeshwa katika maono ni nani anayepiga.

Wakati huo wote, Biblia ya Rodah ilikuwa kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kabisa. Baada ya mazishi aliifungua, akaanza kusoma mwenyewe. Siku hizi inashinda kwenye mfuko wa aproni yake ya kuchumia, ndani ya karatasi ya nailoni.

"Nilikuta Yohana ametuonya tusiamini kila roho, tuzijaribu kwanza. Imeandikwa hapo tangu zamani. Mimi nilikuwa napanguza vumbi juu yake tu."

Anazo sababu za kuharakisha. Cherotich, dada ya marehemu Kimeli, pia ana sukari, naye ameitwa kwenye hema lile lile Jumapili hii, aje na vidonge vyake. Leo ni Ijumaa. Cherotich yuko hapa kituoni, amekaa juu ya kikapu kilichopinduliwa, mikono kifuani.

"Mama Vinny, wewe ndiye ulipiga vigelegele. Leo unanihubiria mimi?"

"Ndiyo maana nakuhubiria."

"Dawa zimenichosha. Tumbo linanisumbua kila siku. Mtumishi anasema ni imani tu."

Rodah anafungua Biblia, Wafalme wa Pili, sura ya ishirini. "Mfalme Hezekia alikuwa anakufa na jipu. Aliombewa na nani? Isaya. Huyo si nabii?"

"Ni nabii."

"Na Mungu alikuwa amesema atapona. Bado Isaya akaagiza waweke tini juu ya jipu. Nabii mzima, na aliagiza dawa!"

"Na hiyo tini inamea hapa Boito?"

"Yako iko kwenye mfuko wa dispensari, wifi."

Kipkosgei anajifanya anasoma mizani. Cherotich anatoa pakiti ya vidonge kutoka kwenye sweta na kuiweka mapajani mwa Rodah, kwa nguvu kidogo, kama anayerudisha kitu alichokosana nacho.

"Weka wewe. Nikikuja kuzichukua Jumapili asubuhi, sema hazipo."

"Siwezi kudanganya. Nitasema zipo, halafu nitafunga mlango."

Cherotich anabeba kikapu chake na kuondoka bila kuaga.

Tunamuuliza Rodah anatumaini nini. Anasema hana mpango mkubwa: Cherotich apite kwake kila asubuhi na kila jioni, ameze kidonge mbele yake, kisha wasome sura moja. Kama atakataa kusoma, ameze tu.

Na akiendelea kumkasirikia?

"Aninunie hata miaka ishirini," anasema Rodah, akifunga pakiti ile kwenye ncha ya leso. "Kaka yake sasa hata kuninunia hawezi."