Kisima Nilichokichimba kwa Kifaransa

Habari hii siipendi, maana mpaka leo nikipita Ilongero kuna akina mama wananiita Kisima, lakini kwa kuwa mmeshaisikia nusu nusu, acha niwape yote.

Nilikuwa nimejifunza Kifaransa miezi minane kwenye simu (nilitaka kazi ya kuongoza watalii), na siku moja akaja kijijini kwetu mama mmoja Mfaransa, nesi mstaafu, rafiki wa masista wa parokia, ila mkalimani wake akawa amebaki Singida mjini anaumwa tumbo. Mwenyekiti wa kijiji akauliza mkutanoni nani anajua Kifaransa. Ningekaa kimya tu. Nikanyoosha mkono.

Salamu zilikwenda vizuri, hata shangazi yangu akawa anawaonyesha majirani kwamba huyo ni wa kwao. Kisha mwenyekiti akaeleza shida ya maji wakati wa kiangazi, mgeni akasikiliza, akafuta macho, akasema taratibu: "Si nous avions les moyens, nous creuserions un puits ici."

Nikasikia "avions", nikajua huo ni wakati uliopita, walikuwa na uwezo. Nikasikia "creuser" na ile r yake, nikajua ni wakati ujao, watachimba (hiyo "si" ya mwanzo nilidhani anasafisha koo). Nikatangaza kwa sauti kwamba walikuwa na uwezo na watatuchimbia kisima hapa hapa.

Vigelegele vikapigwa, mtu akakimbilia jogoo, shangazi akamkumbatia mgeni asimwachie. Mgeni akaninong'oneza, mbona wanafurahi hivi? Nikamjibu ndio ukarimu wetu, ingawa nami nilianza kuchanganyikiwa, maana mtoaji gani anashangaa akishukuriwa? Mwenyekiti akataka kujua wataanza lini. Nikauliza. Mgeni akaniuliza: kuanza nini?

Nikampa daftari aandike alichosema. Nikaona ki-i kimoja katikati ya "creuserions". Bila hiyo i ni tutachimba. Ikiwepo, mkia wa wakati uliopita umebandikwa kwenye shina la wakati ujao, na maana yake ni tungechimba. Na "si" ndiyo kama. Ikitangulia, "avions" si tulikuwa tena, ni tungekuwa. Kiswahili chote kina nge, na mimi nimeiacha njiani.

Nikasimama, jogoo ameshachinjwa.

"Naomba radhi, nimekosea. Amesema wangekuwa na uwezo, wangechimba."

Mwenyekiti akanitazama. "Kwa hiyo kisima hakipo?"

"Hakipo, mzee."

Shangazi hakunigombeza. Alichukua ndoo yake akaondoka, na hilo ndilo lililonichoma. Mgeni alipoelewa, aliniomba nimfundishe kusema pole, akawapitia watu mmoja mmoja akiitamka vibaya, na hakuna aliyecheka.

Bado najifunza. Ila mkutanoni sinyooshi mkono tena, na mtu akinipa neno lenye ahadi ndani yake, kwanza namwomba aliandike.