Samaki wa Kijito cha Kambini

Mume wangu alinitoa Kigombe, pwani, ndoa yetu ikiwa na miezi mitatu, akanipandisha milimani, kwenye shamba la chai alikokuwa akiendesha mashine ya kukaushia majani. Kila siku alitoka alfajiri, akarudi kiza kimeingia. Kambi nzima ilizungumza Kishambaa. Nikiwasalimu waliitikia kwa adabu, kisha wakaendelea na yao.

Nikazoea kukaa kijitoni. Mimi ni binti wa mvuvi, samaki nawajua tangu utotoni, lakini hawa walikuwa wageni kwangu. Penye maporomoko walikuwapo wadogo weusi, wameng'ang'ania jiwe kwa midomo, maji yakiwapiga wasibanduke. Chini yake, kidimbwini, perege walizunguka juu juu, na kambare wakajilaza topeni wakingoja kitakachoanguka. Kila kabila na mtaa wake. Niliwasemesha. Sioni haya kulisema hilo sasa.

Siku moja, chini ya mzizi, nikaona mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mnene kama mkono wangu. Nikamwita bibi mmoja Mlutheri wa upande wa pili wa kambi, aliyejua Kiswahili, aliyekuja kuchota maji.

"Bibi, huyu katoka baharini! Baba alinambia hupanda mito wangali wembamba kama sindano."

"Nyoka huyo, mwanangu. Sisi hatumli."

"Basi tuliopanda mlima tuko wawili."

Alicheka, akajitwika mtungi wake, akaenda.

Kiangazi kikaingia. Kambini kukawa na harusi, na wanaume wakitafuta kitoweo waliponda majani ya utupa, yale yanayolevya samaki, wakayatia penye maporomoko, yashuke hadi kidimbwini. Nilipofika perege walikuwa wanaelea matumbo juu. Wale weusi wameachia mawe, wanapita na maji kama majani makavu. Niliingia na kanga zangu, nikapiga kelele. Mume wangu alikuwamo, ameshika kapu.

"Toka majini, watu wanakutazama."

"Na watazame! Mmeua hata wasioliwa!"

Mkunga sikumwona, hai wala mfu.

Jioni mume wangu alileta fungu lake la samaki. Sikulipika. Alikula ugali kwa chumvi, na siku nyingi zikapita hatusemezani. Kisimani wanawake wakanipisha kama mgonjwa.

Ndipo bibi akapiga hodi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, hakuketi.

"Utupa haukufika juu ya maporomoko. Twende ukaone."

Tulipanda polepole, akishika bega langu. Huko juu wale wadogo weusi walikuwapo, kila jiwe na wake.

"Mvua zikija watashuka wenyewe," akasema.

Tulikaa pale hadi miguu yetu ikafa ganzi kwa baridi ya maji. Tangu nifike mlimani hakuna aliyekaa nami hivyo, bila shida iliyomleta.

Mvua zilipokuja walishuka kweli. Nikakimbia kwenda kumwambia bibi, nikakuta mlango wake umefungwa kwa kamba. Mwanawe alikuwa amemchukua kwenda kuishi naye Korogwe, wiki nzima imeshapita. Hakuna aliyekumbuka kunambia.