Sikio la Muuza Santuri

Muuza santuri wa mtaani kwetu Filadelfia hupuliza vumbi la kila santuri kama anayepoza chai. Ukimtajia mpiga gitaa Beasley, anakuonyesha mlango. Kwake jazi ina gitaa moja tu, la Tate, na hujisifu kwamba sikio lake halijawahi kulikosa. Jumamosi Thelma, mteja ambaye ameshafukuzwa dukani mara tatu kwa kumpenda Beasley, alimfunga mzee macho kwa skafu, akaweka santuri.

"Haya, mzee, nani huyo?"

Vidole vyake vinene vilibonyeza nyuzi zisizokuwapo juu ya kitambi. "Tate. Beasley angeshaanza kupayuka hapo kama mama mkwe."

Thelma akamfungua, akamwonyesha jalada: Beasley. Duka zima lilicheka. Mzee akarudisha sindano mwanzo.

"Sasa kipenzi chako nani?"

"Hebu nyamaza, dada. Beasley anapiga."